Kaburi la Mgomba

Mwisho wa Oktoba kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuandika majina ya wafu. Misa ya kwanza ikiisha nilifungua ofisi ya parokia, nikafagia matope yaliyoletwa na viatu vya jana, nikasogeza benchi karibu na dirisha kwa ajili ya wazee, kisha nikakaa kusubiri. Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, na kila familia hutaka majina ya watu wake yawekwe kwenye kikapu mbele ya altare. Wengine walikuja na vikaratasi. Wengine walikuja na vidole tu, wakihesabu: shangazi, mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa, mjomba aliyebaki Burundi. Mzee mmoja alisema jina la babu yake amelisahau, niandike Babu. Nikaandika Babu.

Niliipenda kazi ile kwa sababu haikunidai maneno mengi. Unauliza jina, unaandika, unasema pole.

Asubuhi moja nilikuwa namimina chai kutoka kwenye chupa mama mmoja aliposimama dirishani. Hakukaa kwenye benchi. Alijifunga kitenge juu ya sweta la shule la kijani, na miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi juu ya vifundo.

"Mwakeye," alisema.

Nikaitikia kwa Kiha changu kibovu. Mama yangu alikuwa Mnyamwezi na baba mwalimu, nyumbani kwetu Kibondo tulilelewa kwa Kiswahili. Yule mama aliligundua hilo mara moja, akahamia Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Andika marehemu Cadet, mwana wa Nduwayezu. Wa Muyama."

Nikaandika.

"Na marehemu Sylvesta."

"Sylvesta wa nani, mama?"

"Wangu. Mwanangu."

Peni ikasimama. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimelisikia jina hilo kwenye simu, na aliyelitaja alisema mtu huyo ni mzima.

Nieleze kidogo. Kuandika marehemu ilikuwa kazi ya kusaidia tu. Parokia iliniajiri baada ya chuo kwa ajili ya dawati la Haki na Amani, na mwaka ule dawati lilikuwa na shughuli moja kubwa: adhabu ya kifo. Serikali yetu haijamnyonga mtu tangu miaka ya tisini, lakini mahakama bado zinatoa hukumu hiyo kwa kila anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, na anayehukumiwa anakaa akisubiri siku ambayo hajui kama itakuja. Kanisa linafundisha kwamba adhabu hiyo haikubaliki kamwe, hata kwa mwenye hatia. Nilikuwa nalipeleka fundisho hilo kwenye jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba, kwa sauti iliyotetemeka.

"Dada wa Haki na Amani," mwanamume mmoja aliniuliza katika jumuiya ya Mtakatifu Anna, "jambazi akiingia kwako, utamtengea maji ya kuoga?"

Watu walicheka sana. Mimi pia nilijaribu kucheka. Kisha mama mmoja akasema, bila ubaya wowote, "Mwacheni. Huyu bado hajafiwa." Maneno ya yule mwanamume niliyaacha palepale. Ya yule mama nilirudi nayo nyumbani.

Padri anayewahudumia wafungwa, huko mbali gerezani, ndiye aliyenipigia simu. Walikuwa wanakusanya maombi ya huruma kwa Rais, ili waliohukumiwa kunyongwa wabadilishiwe, wawe wafungwa wa maisha. Kulikuwa na mtu wa kwetu, Sylvesta, aliyemuua binamu yake kwa panga katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Huyu peke yake alikataa kuweka dole gumba.

"Anasema kwao wameshamzika," yule padri aliniambia. "Kuna mtu wa Muyama aliingia humu akampa habari. Anasema marehemu haombi msamaha. Deborah, mtafute mama yake. Akituma neno kwamba anamtaka hai, kijana atakubali. Bila hilo hatakubali, nimeshamjua. Na maombi yanaondoka mwisho wa Novemba."

Na sasa mama yake alikuwa mbele yangu, ananingoja nimalize kuandika.

"Alifariki lini, mama?" niliuliza.

"Siku waliyomsomea."

Hakusema walimsomea nini. Aliangalia nyuma yake. Upande wa pili wa barabara mzee mrefu mwenye koti alisimama ameshika baiskeli.

"Shemeji ananisubiri," alisema. "Andika."

Niliandika herufi ya kwanza. Nilijua kabisa la kusema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi chumbani kwangu kwa siku kadhaa, nikiwa nimekaa kitandani: mama, mwanao anakusalimu. Nilipoinua uso, alikuwa ananitazama kwa namna ya mtu anayeomba asiambiwe kitu. Nikauliza jina lake. Akasema Uwimana. Nikasema pole. Akaondoka, na yule mzee akaanza kusukuma baiskeli, yeye akimfuata nyuma.

Padri Dieudonné, paroko msaidizi, ni Mkongomani wa Fizi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilimkuta anajaribu kufungua kopo la rangi kwa kijiko.

"Bon," alisema nilipomaliza kumweleza. "Huyu kijana iko mzima. Mimi siwezi kumuombea kama maiti, hata Askofu aniandikie."

"Basi niwaambie tumekataa?"

"Ukiwaambia tumekataa, kesho watasema Padri anamupenda muuaji. Kwanza uende weye. Umuone mama kwake."

"Mimi, Padri?"

"Mimi nikienda watachinja kuku, watanitandikia kitambaa juu ya meza, na hakuna mtu atasema ukweli. Mbele ya kuku watu hawasemi ukweli." Kijiko kilipinda. Akakitazama kwa huzuni. "Weye una sura ya mtu ambaye hawezi kugombeza. Hiyo ni karama, usiidharau."

Jioni ile nilikaa uani na mwenye nyumba wangu, Bi Mwajabu, anayeuza vitenge sokoni Kasulu. Yeye ni mtu wa Ujiji, na ndiye pekee mjini aliyekuwa akiniuliza kama nimekula. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Leo mmewaita wangapi?" aliuliza. "Maana nyinyi marehemu wenu mnawaita mahudhurio kama darasa la kwanza."

Nikamweleza habari ya mama wa Muyama, bila kutaja majina. Aliacha kuchambua.

"Na mwenye damu anasemaje?"

"Mwenye damu ni nani?"

"Baba wa aliyeuawa. Kwetu sisi huyo ndiye mwenye neno. Akisamehe, amesamehe. Wewe unahangaika na Rais, unahangaika na mama wa muuaji. Mwenye damu umemwuliza?"

"Sijamwuliza, Bi Mwajabu."

"Basi kamwulize. Na ule kwanza. Umekonda kama unafungwa wewe."

Baba yangu hupiga simu kila Jumapili kutoka Kibondo. Alimalizia ualimu wake kwa kufundisha watoto wa kambi ya Mtendeli, na siku ile kambi ilipofungwa alirudi nyumbani na kengele ya shule, hadi leo anayo mezani. Hapendi kazi yangu. Ameona watu wengi mno waliokimbia wauaji.

"Bado unawatetea?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Haya." Nikasikia redio yake nyuma. "Umeme upo huko?"

"Upo."

"Haya. Usiku mwema." Akakata, na nikabaki nimeshika simu sikioni kwa muda, kama vile kulikuwa na neno jingine njiani.

Nilikwenda Muyama kwa bodaboda, asubuhi ya ukungu. Barabara inapanda kati ya mikaratusi na mashamba ya maharage, na baridi ya huko ni ya kuingia mikononi. Kijana wa pikipiki alinishusha kwenye kanisa dogo la kigango akanionyesha njia. Nilimkuta Mama Uwimana anakoka moto jikoni, nyumba ndogo ya tofali nyuma ya nyumba kubwa ya shemeji yake. Hakushangaa kuniona. Alinipa kigoda, kisha kikombe cha uji, kisha akakaa akautazama moto.

Nikasema haraka kabla sijaogopa.

"Mama, Sylvesta anakusalimu. Padri wa gerezani alinipigia. Aliuliza kama bado unakohoa."

Alikuwa ameshika ukuni. Aliushika muda mrefu.

"Anakumbuka kukohoa kwangu," alisema. "Mwambie nilipata dawa. Mwambie..." Akauweka ukuni motoni. "Hapana. Usimwambie kitu. Marehemu haambiwi kitu."

"Lakini si marehemu, mama."

"Njoo uone."

Tulipita migombani hadi mahali palipofyekwa vizuri. Palikuwa na makaburi mawili, yamelingana, yamezungushiwa mawe, kila moja na msalaba wa mti. Kwenye moja waliandika CADET. Kwenye jingine SYLVESTA. Majani yalikuwa yameng'olewa kwenye yote mawili, na kwa mkono uleule.

"Humu mmezika nini?" nilinong'ona.

"Umutumba."

Nilisikia mtumba. Nikafikiri wamezika furushi la nguo zake, na kwa kweli niliona ni jambo la upole.

"Nguo zake zote?"

Mama Uwimana alinitazama, kisha kitu kama kicheko kikapita usoni mwake. "Nguo za nini, mwanangu? Nguo tuligawa. Mgomba. Shina la mgomba. Tulilifunga kwenye mkeka na blanketi lake, tukalilaza. Shemeji alilikata juu kabisa, akaacha kitako chake shambani, lisije likachipua."

Nilikuwa nimesikia jambo hilo kwa wazee wa Kibondo: mtu akiliwa na mto, au akifia ugenini asirudishwe, mgomba huzikwa badala yake ili msiba upate mwisho na watu walale. Sikuwahi kusikia umefanywa kwa mtu anayepumua.

"Ulilia, mama?"

"Nililia sana. Watu walisema, huyu mama analijua shina hili." Aliinama akaokota jani lililoangukia kaburi la Cadet, akalitupa mbali. "Huyu naye nilimbeba mgongoni. Mama yake alikufa akimzaa. Walinyonya kwangu wote wawili."

Nikaelewa kwa nini palikuwa na mkono mmoja tu kwenye palizi. Chuoni tulifundishwa maswali ya kumwuliza mtu aliyefiwa, na mengine ya kumwuliza ndugu wa mfungwa. Ya kumwuliza mtu aliye wote wawili hatukufundishwa.

"Mama, anakataa kuomba msamaha mpaka wewe useme. Unataka aishi?"

"Nataka hizi kuni zikauke," alisema, "na mvua hii haitaki." Akarudi jikoni.

Mzee Nduwayezu alifika wakati napanga kuondoka. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akanisalimia kwa adabu kuliko nilivyostahili. Nikakumbuka maneno ya Bi Mwajabu. Nikasema nimetoka parokiani, na kwamba nimekuja kumwuliza yeye, baba wa Cadet, kama angependa Sylvesta anyongwe.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni ile adabu yake.

"Anyongwe?" alisema. "Binti, mimi sikwenda mahakamani hata siku moja. Polisi walimchukua, serikali ikasema ilivyosema. Mimi nilikuwa na kazi nyingine. Nina vijana wengine wanne mbele ya Cadet. Usiku wa msiba walikuwa wamekaa pale, unaona pale, na mapanga magotini. Wanaitazama nyumba ya huyu mama. Anao wadogo wa Sylvesta wawili, wa kiume. Unajua kilichokuwa kinakuja?"

"Ndiyo, mzee."

"Kanisa lilikuwa limelala. Serikali ilikuwa imelala. Nikawazuia mpaka hukumu ikatoka, kisha nikachimba kaburi la pili kando ya la Cadet. Nikawaita wanangu, nikawaambia: haya, nyumba hii imezika mtoto, nyumba ile imezika mtoto. Yamelingana. Wakayatazama. Wakaenda kulala." Aliigeuza kofia mikononi. "Tangu siku ile wadogo zake wanalima na wanangu shamba moja. Sasa wewe unataka kunifufulia mmoja. Wanangu niwaambie nini? Kwamba baba yenu aliwadanganya?"

"Lakini wanajua ni mgomba, mzee."

"Wanajua. Watu wote wanajua. Kujua na kuambiwa ni vitu viwili."

Mama Uwimana alikuwa mlangoni, anafuta sufuria kwa jani. Aliendelea kuifuta baada ya kuwa safi.

"Mwezi huu nataka Padri aje ayabariki yote mawili," Mzee Nduwayezu alisema. "Na majina yote mawili yasomwe. Ndipo nitakufa bila wasiwasi. Mwambie hivyo."

Nikarudi Kasulu. Njia nzima kijana wa pikipiki alikuwa anaimba, na mimi nilikuwa nashukuru kelele za injini. Nilikuwa nimekwenda kutetea uhai wa mtu mmoja, nikakuta uhai wa wengine umejengwa juu ya kaburi lake. Usiku nilikula peke yangu chumbani ingawa Bi Mwajabu aliniita uani. Sikutaka kuulizwa.

Padri wa magereza alipiga tena.

"Bado?"

"Bado, Padri."

"Nimwambie nini?"

Nilifikiri habari za dawa ya kikohozi, na kwamba mama alianza kusema akaacha. Neno lililorudishwa si langu kulituma. "Mwambie mama yake anapalilia," nilisema, na mara moja nikaona ni jambo la kipumbavu, kwa sababu yule padri hakujua anapalilia nini.

Padri Dieudonné alinisikiliza hadi mwisho. Nilimwambia na habari ya mapanga.

"Huyu mzee ana akili," alisema. "Amefanya amani kwa mgomba. Kuna watu walitumwa na Umoja wa Mataifa na magari meupe, hawakufika hapo." Akajifuta rangi kidoleni. "Lakini iko amani inayokaa juu ya mtu. Inamubana pumzi."

"Utakwenda kubariki?"

"Nitakwenda. Kaburi la Cadet linanihusu kabisa."

"Na la pili?"

"La pili nitauliza swali. Padri ana ruhusa ya kuuliza."

Tulikwenda katikati ya Novemba, baada ya mvua ya asubuhi. Nilibeba ndoo ndogo ya maji ya baraka na tawi la mvinje la kunyunyizia. Ukoo wote ulikuwepo. Wana wanne wa Mzee Nduwayezu walisimama upande mmoja wameshika kofia. Wadogo wa Sylvesta walisimama nao, bega kwa bega, na mtu asiyejua asingeweza kusema nani ni wa nyumba ipi. Wanawake walikaa kwenye majani ya migomba yaliyotandikwa, Mama Uwimana akiwa wa mwisho, pembeni, na lile sweta lake la kijani.

Padri alisoma Injili. Akaomba juu ya kaburi la Cadet, taratibu, akilitaja jina lake mara nyingi. Alinyunyiza maji pande zote. Mzee Nduwayezu alilia bila sauti, mabega tu. Mama Uwimana alilia kwa sauti. Wakaimba wimbo wa kuaga, na sauti za wale vijana sita zilikuwa nzuri, nzito, zimezoeana.

Kisha Padri Dieudonné akahamia kaburi la pili. Akalitazama. Akafunga kitabu juu ya kidole chake.

"Wapendwa," alisema, "kitabu hiki kinanitaka nitaje jina la mtu aliyekufa. Hapa amelala nani?"

"Sylvesta," Mzee Nduwayezu alisema.

"Nani alimufunga macho?"

Upepo ulipita migombani, maji yakadondoka kutoka kwenye majani hadi kwenye majani mengine. Mmoja wa wale wana wanne, mkubwa, alivaa kofia yake, kisha akaivua.

"Padri," Mzee Nduwayezu alisema kwa sauti ya chini, "sisi tulikuomba baraka. Hatukukuomba mahakama."

"Siyo mahakama, mzee wangu. Nauliza tu. Mimi siwezi kumusindikiza mtu ambaye hajaondoka."

Padri alinitazama. Watu wakafuata macho yake, wakanitazama wote. Mimi ndiye niliyeongea na gerezani. Ningeweza kusema, na ingekuwa kweli. Lakini lingekuwa neno la ofisi ya parokia. Sylvesta hakuwa amekataa ofisi ya parokia. Nikasimama na ndoo yangu, nikauma mdomo, nikakubali waone kwamba sina la kusema. Sijawahi kujisikia peke yangu kama dakika ile, katikati ya watu wengi vile.

Mama Uwimana alikohoa. Kisha akainuka, akiegemea bega la mwanamke aliyekaa mbele yake. Shemeji yake alimtikisia kichwa, kidogo sana, kama mtu anavyomtikisia kichwa yule anayempenda.

Hakwenda kwenye kaburi lenye jina la mwanawe. Alikwenda kwa wale vijana wanne, akasimama mbele yao, mfupi kuliko wote. Alianza kwa Kiha. Sikukamata yote, ila nilisikia akiwaita mmoja mmoja, na nikasikia umutumba. Yule mkubwa aliangalia chini. Hakuna aliyesogea.

Kisha akageuka kwa Mzee Nduwayezu, na safari hii alisema kwa Kiswahili, polepole, ili Padri naye asikie, na labda ili mimi niweze kulibeba neno lake hadi gerezani.

"Shemeji, wewe ulituokoa, na mimi nilinyamaza kwa sababu hiyo. Cadet nilimnyonyesha, nitamlilia mpaka nami niwekwe hapa. Sylvesta alimuua. Afungwe mpaka azeeke, sitaomba afunguliwe. Lakini hajafa. Humu tulizika mgomba. Mwanangu ni mzima, na mimi mama yake sitaki anyongwe."